Saruji Haizuii Mchwa

Mwulize anayejenga kwa nini hajapiga dawa ya mchwa kwenye msingi, naye atakujibu: "Nyumba yangu ni ya tofali na saruji, mchwa atakula nini?" Imani hii imeota mizizi mijini na vijijini, na inawatia watu hasara kubwa.

Ni kweli mchwa hali saruji. Lakini hahitaji kuila, anatafuta pa kupita tu. Jamvi likipata ufa, au bomba la maji taka likiacha upenyo sakafuni, njia imepatikana. Mwili wake ni laini na hukauka upesi hewani, kwa hiyo hujenga vijia vya udongo uliochanganywa na mate, akapanda ndani yake juu ya ukuta huohuo wa saruji mpaka kwenye kenchi. Huko anakuta mbao, fremu, milango na makabati. Hata boksi lenye vyeti vya watoto na hati ya kiwanja ni chakula chake. Na dari ya jipsamu ikishafungwa, nani atamwona akila kenchi?

Baya zaidi, sisi wenyewe tunamwandalia. Vipande vya mbao za fomu, visiki na mifuko ya karatasi ya saruji huachwa ndani ya kifusi, kisha jamvi likamwagwa juu yake. Halafu tunarundika kuni ukutani na kuinua bustani ya maua hadi ifunike msingi. Wengine humwaga oili chafu wakidhani wamemaliza kazi. Oili hiyo huchafua udongo na huweza kufika kisimani, wala haiwafikii mchwa walioko chini kabisa.

Dawa ya msingi ina wakati wake: kifusi kikishashindiliwa, kabla ya jamvi kumwagwa. Ukiuacha wakati huo upite, baadaye itabidi sakafu itobolewe ili dawa ifike ardhini. Tumia kiuatilifu kilichosajiliwa, kipigwe na mtu anayejua vipimo vyake. Kwenye paa weka mbao zilizotiwa dawa.

Kwa nyumba iliyokwisha kusimama, kagua. Gonga fremu usikie kama zinalia tupu. Tazama rangi iliyovimba, vijia vya udongo pembeni mwa msingi, na mabawa ya kumbikumbi yaliyorundikana dirishani baada ya mvua. Ukibomoa kipande cha kijia na kesho yake ukakikuta kimezibwa, mchwa wamo kazini. Ukikuta hakijazibwa, usitangaze ushindi, huenda wamehamia njia nyingine.

Fundi anayekuambia saruji inatosha anakudanganya, hata kama hajui kwamba anakudanganya. Wewe unayechimba msingi mwezi huu, safisha kifusi, piga dawa, ndipo umwage jamvi.