Twendeni Komoro, Tuzime Tochi

Ni nani kati yetu watu wa pwani asiyemjua Mngazija? Unguja na Mombasa tumekaa nao mtaa mmoja vizazi na vizazi. Tumeoana, tumesali safu moja, na wakizungumza lugha yao, neno moja moja tunalidaka bila mkalimani. Lakini ni wangapi tumewahi kuvuka kwenda kuviona visiwa walikotoka?

Kwa ndege, kutoka Dar es Salaam hadi Moroni, kisiwani Ngazija, si mwendo wa hata saa mbili. Anayejaliwa nauli, namwomba aende. Na anayekwenda, namwomba aende kama mtu anayeingia nyumba ya shangazi yake.

Visiwa vya Komoro vimezaliwa na moto. Volkano ziliinuka kutoka chini ya bahari, na Ngazija ndicho kisiwa kichanga kuliko vyote, kwani mlima wake, Karthala, wenye mita 2,361, ungali hai. Ulipolipuka mwaka 2005, majivu yalianguka hadi ndani ya matangi ya maji ya mvua, watu wakakosa maji ya kunywa. Ngazija haina mito. Mwamba wake ni mpya, umejaa vitundu, na mvua ikinyesha maji huzama yote. Kwa hiyo mwenyeji akikukaribisha maji kijijini, jua amekupa kitu cha thamani. Beba yako ya kutosha tangu mjini, na chupa tupu urudi nayo.

Je, uupande mlima peke yako? Hapana, ndugu yangu. Ukungu hushuka mara moja, na juu ya zaha iliyoganda huoni njia. Mchukue mwongozaji wa kijiji. Yeye anajua pa kukanyaga, na fedha unayompa inaingia katika nyumba inayoutazama mlima huo kila asubuhi. Msituni yumo bundi mdogo asiyepatikana popote duniani ila Karthala. Bila mwenyeji utampita tu.

Kisha uvuke kwenda Mwali, kisiwa kilicho kidogo kuliko vyote. Huko ndiko moyo wangu uliko. Bahari yake ilifanywa hifadhi mwaka 2001, na wanavijiji wenyewe wakashirikishwa kuilinda. Milimani wamo popo wakubwa wa matunda, ambao mbawa zao zikikunjuliwa hukaribia mita moja na nusu. Wanaishi Mwali na kisiwa jirani cha Nzwani tu, na wamebaki wachache. Tuwaonee kwa mbali, tusipige kelele chini ya mti wanamolala.

Na pwani, katika kijiji cha Itsamia, kuna kasa uziwa. Usiku mwongozaji atakuambia uzime tochi, ukae chini, usubiri. Pengine saa nzima. Mama kasa anapanda mchangani polepole, anapumua kwa nguvu, anasimama, anapanda tena. Akiona mwanga kabla hajaanza kutaga, huenda akageuka na kurudi majini. Akitulia, anafukia mayai mia moja hivi, halafu anaondoka. Baada ya miezi miwili hivi watoto wanatoka usiku, wanatafuta upande wenye mwanga zaidi, maana hapo ndipo bahari ilipo. Taa ya nyuma yao inawapoteza.

Haya yatuhusu nini sisi tusio na nauli ya Komoro? Yanatuhusu sana. Kasa hakai alipotaga. Wapo waliofungwa vifaa vya kufuatiliwa kwa setilaiti visiwani humo, wakaonekana wakija kula nyasi za bahari huku kwetu, pwani ya Afrika Mashariki. Anayelindwa Itsamia usiku ndiye anayepita chini ya ngalawa zetu mchana. Tusipomlinda huku, wenzetu watakuwa wamekesha bure.

Basi mvuvi, akinasa wavuni mwako, kata nyuzi umrudishe. Najua wavu ni ghali, na ndiyo maana nakuomba kwa heshima. Mama uliye jikoni, nyama ya kasa ikiletwa mlangoni, usiipike. Machi 2024, kisiwani Panza huko Pemba, watoto wanane na mtu mzima mmoja walifariki baada ya kuila. Sumu yake haiondoki kwa kuchemshwa. Mwambie na jirani, kwa upole.

Mwalimu, je, darasa lako la pwani limewahi kusikia habari za silikanti? Wakomoro humwita gombessa. Wataalamu walidhani samaki huyu ametoweka miaka milioni 65 iliyopita, hadi alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938, na mwingine Komoro mwaka 1952. Mchana hujificha katika mapango ya mwamba wa volkano, chini sana. Tangu 2003 amevuliwa pia Tanzania, na Tanga ikapata hifadhi yake mwaka 2009. Mtoto akijua kwamba samaki huyu yuko pwani yake mwenyewe, atakuwa mlinzi bila kuagizwa.

Kuilinda bahari hiyo si jambo geni kwetu: mifuko ya plastiki tumekwisha kuikataa, Kenya mwaka 2017 na Tanzania Bara mwaka 2019. Tuliweza, au sivyo? Zimebaki chupa na nyuzi za nailoni. Anayetoka pwani na arudi na moja mkononi.

Nawe mwenye hoteli au nyumba ufukweni, taa yako ya nje inamulika nini usiku? Kama inamulika mchanga, igeuze ielekee ukutani, au leo kabla hujalala, uizime.