Gari la umeme kwa sisi wapangaji: msiilaumu betri, tafuteni soketi

Testi zimeisha juzi, bumu halijaingia, kwa hiyo nna muda mwingi na hela kidogo, na hali hiyo ndiyo huwa inanikalisha niandike. Leo siongelei wali wa kafeteria wala foleni ya maktaba. Leo naongelea magari ya umeme, na hasa betri zake, na hasa zaidi mtu mwenye gari hilo ambaye anaishi nyumba ya kupanga isiyo na mahali pa kuchajia.

Najua mshaanza kucheka. Wewe mwanafunzi wa ualimu unayening'inia kwenye daladala, gari la umeme linakuhusu nini? Linanihusu hivi: Mungu akipenda nitakuwa mwalimu wa Fizikia, na mwalimu anayeanza kazi hana kiwanja, hana geti, hana ukuta wa kutundikia chaja. Ana chumba na sebule. Kama magari haya ni ya watu wenye nyumba zao tu, basi sisi tutabaki kuhesabu bei ya petroli kila mwezi, wakati wenye mageti wanatembelea umeme wa bei poa. Mimi siko tayari kukubali hilo kirahisi.

Msimamo wangu nauweka hapa mapema ili anayetaka kubisha ajipange. Betri ya gari la umeme inaweza kutunzwa vizuri kabisa na mtu asiye na chaja nyumbani. Kinachoiua ni kuijaza kama tunavyojaza tenki la mafuta, yaani unasubiri iishe halafu unaijaza pomoni. Na wengi wanafanya hivyo kwa sababu mahali gari linaposhinda kutwa nzima, wenye mahali hapo wamekataa kutoa soketi ya kawaida.

Chukueni mfano wa mama mdogo wangu, anafundisha sekondari hapa Dar. Aliagiza Nissan Leaf ya zamani kutoka Japani mwaka 2023, kwa mkopo wa SACCOS ambao bado anaulipa. Ni ile ya betri ya yuniti 24. Leaf ina kitu kizuri, kwenye dashibodi inakuonyesha uzima wa betri kwa vijimistari 12. Cha kwanza hupotea betri ikishapungua uwezo kama asilimia 15, na vinavyofuata hupotea kila inapopungua kama asilimia 6 zaidi. Lake lilifika na mistari 11, leo imebaki 9. Maana yake betri ina uwezo wa kama asilimia 70 hivi ya ile mpya. Akiijaza yote anapata kilomita kama 90 za mjini, basi.

Anapoishi wapangaji sita wanachangia LUKU moja. Si mnajua vita ya LUKU ya kuchangia? Mtu akinunua friji tu kikao kinaitishwa, sembuse gari! Mwenye nyumba alikataa, na kwa kweli hapo simlaumu, maana njia pekee ilikuwa kupitisha ekstensheni dirishani, ivuke korido mpaka nje. Hiyo ni kutafuta moto. Akaenda kuomba kazini. Akasema atalipia kila yuniti. Jibu alilopewa: "Mwalimu, umeme wa ofisi hauchaji gari la mtu." Ikaishia hapo.

Sasa anafanyaje? Kuna yadi moja inachaji magari, iko mbali na kwake, anaenda Jumatano jioni na Jumamosi. Kwa kuwa ni mbali, akifika anajaza mpaka 100. Jumapili gari linashinda juani likiwa limejaa. Jumatano linarudi yadi limekaribia kukauka, siku nyingine na ile alama ya kobe imewaka, ambayo Leaf huitoa kukwambia nguvu zimeisha, tembea taratibu. Mara mbili kila wiki betri inapelekwa juu kabisa na chini kabisa, na kwenye joto la Dar. Halafu watu wanasema betri za magari haya ni mbovu.

Hapa naomba nivae koti la ualimu dakika mbili. Betri ya litiamu inazeeka kwa njia mbili. Moja ni matumizi, kila ukichaji na kutumia inachoka kidogo. Ya pili ni kuzeeka kwa kukaa tu, hata gari likiwa limezimwa. Hii ya pili inaendeshwa na mambo mawili makubwa: joto na kukaa imejaa. Ikiwa imejaa, ndani mle kuna mikemikali inayoendelea kulana polepole na kula litiamu ambayo ingebeba chaji. Joto likipanda, mwendo wa mambo hayo unapanda. Wanakemia wana kanuni ya kukadiria kwamba kila nyuzi 10 zikiongezeka, kasi inakaribia mara mbili. Upande wa chini nako si salama, betri ikiachwa tupu muda mrefu inaweza kuharibika moja kwa moja. Kitabu cha Leaf chenyewe kinaonya gari lisiachwe zaidi ya siku 14 likiwa sifuri au karibu na sifuri.

Na Leaf ya zamani kama hiyo ina udhaifu wake, betri yake haina mfumo wa kupozwa kwa maji kama magari mengi ya umeme ya sasa. Inategemea upepo tu. Mwaka 2012 wenye Leaf wa Arizona kule Marekani, jangwani, walianza kulalamika kwamba mistari inapotea wakati magari ni mapya kabisa. Ikafika mahakamani, na Nissan ikaishia kutoa waranti ya uwezo wa betri, kitu ambacho mwanzo hakikuwepo.

Kuna jaribio moja nalipenda sana. Maabara ya taifa ya Idaho ilichukua Leaf nne za mwaka 2012, ikaziendesha Phoenix, kwenye joto hilo hilo la Arizona. Mbili zilichajiwa kwa chaja ya taratibu, mbili kwa chaja ya haraka. Zilipofika maili 50,000, karibu kilomita 80,000, zote nne zilikuwa zimepoteza zaidi ya asilimia 20 ya uwezo. Zilizochajiwa haraka zilipoteza zaidi, ndiyo, lakini kwa asilimia chache tu. Somo lipo wazi: chaja ya haraka ina dhambi zake, ila joto ndilo lililowamaliza wote.

Kwa hiyo ndugu zangu mnaosema "tusubiri serikali ijenge vituo vikubwa vya kuchaji ndipo tununue", mimi nadhani mmeshika mkia mkaacha ng'ombe. Kituo kikubwa ni kizuri kwa safari ya Morogoro. Kwa mtu wa kazini na nyumbani, anachohitaji ni kitu kidogo kuliko hapo. Twende kwenye hesabu.

Mama mdogo anatembea kilomita 24 kwa siku, kwenda na kurudi. Gari lake linakula kama yuniti 16 kwa kilomita 100, kwa hiyo siku moja ni kama yuniti 4. Ongeza kinachopotea wakati wa kuchaji, sema 4.5. Soketi ya kawaida ya ukutani, kwa waya wa kuchajia unaovuta ampea 10 kwa volti 230, inatoa kilowati 2.3. Gawanya: saa mbili! Na gari lake linaegeshwa shuleni kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa tisa alasiri. Saa nane gari limekaa tu, na linahitaji mbili. Kwa bei ya kawaida ya LUKU, kama shilingi 356 kwa yuniti ukijumlisha kodi na tozo, siku moja ni shilingi 1,600 hivi, wiki ya kazi ni 8,000. Hela hiyo aliitoa mfukoni mwake, ikakataliwa.

Na angalieni faida kwa betri. Akichaji kidogo kidogo kila siku, haina haja ya kufika 100 wala kushuka mpaka kobe atokee. Inacheza katikati, kati ya 40 na 70, na hapo ndipo betri ya litiamu inapopenda kuishi. Yaani soketi hiyo ya bei rahisi inaongeza umri wa kitu cha bei kubwa kuliko vyote kwenye gari.

Najua hoja zenu, tulishabishana sana hall usiku. Wa kwanza anasema umeme wa umma usitumike kwa mali binafsi. Nakubali. Fungeni submita, kila mtu alipie chake. Walimu wanachangishana chai kila mwezi na daftari lipo, watashindwa yuniti za umeme? Wa pili anasema italeta moto. Hoja ya maana, na ndiyo maana nataka soketi rasmi: iwe na laini yake peke yake, breka yake, waya wa ethi uliofungwa na fundi anayejua kazi, na ekstensheni marufuku. Chaja ya gari inavuta umeme mwingi saa kadhaa mfululizo, soketi iliyolegea inaungua. Ukikataa soketi rasmi, watu watachomeka kwa kuiba, na hapo ndipo moto utakapokuja. Wa tatu anasema umeme wenyewe hautoshi. Ndugu yangu, bwawa la Julius Nyerere lina megawati 2,115, na mitambo yake yote tisa ilikamilika mwaka 2025. Gari moja la kuchaji taratibu linavuta sawa na birika la umeme. Mabirika ya hapa hostel, yale tunayoyaficha wadeni wakipita, yanavuta zaidi ya magari yote ya umeme ya maprofesa wetu!

Wenzetu Ufaransa wana sheria inayoitwa "haki ya soketi". Mtu anayeishi kwenye jengo la ghorofa lenye maegesho ya pamoja, hata akiwa mpangaji, anaweza kudai kufunga chaja kwa gharama yake, na mwenye jengo hawezi kukataa bila sababu nzito. Hiyo ndiyo nataka tuizungumze hapa. Sidai cha bure, nadai tu kwamba "hapana" iwe na sababu.

Basi kwa wale ambao wana gari tayari na soketi hawana, haya ndiyo naweza kuwaambia mpaka mambo yakae sawa:

Ukienda yadi, ishia 80. Jaza 100 pale tu unapotaka kusafiri asubuhi yake. Na usisubiri ikauke, ikifika 20 au 30 nenda.

Tafuta kivuli kama unavyotafuta maharage mazuri kafeteria. Mwembe una thamani kuliko tunavyodhani. Ukitoka kwenye jua kali, liache gari lipoe kwanza, chaji asubuhi au usiku.

Ukiondoka likizo, liache nusu, si limejaa wala tupu. Na mkumbuke betri ndogo ya volti 12, ile ya kawaida, bado ipo. Ikifa hiyo, gari halitawaka hata kama kubwa imejaa.

Uliza betri yako ni ya aina gani. Haya ya asilimia 80 ni ya zile zenye nikeli, na Leaf ya mzee wako fuata hivyo hivyo. Zile za chuma na fosfeti, LFP, ambazo BYD wanazitumia sana tangu 2020, zinavumilia zaidi kujazwa. Tesla kwa mfano huwashauri wenye LFP wajaze 100 angalau mara moja kwa wiki ili kipimo cha chaji kisome sawasawa. Kwa hiyo msinukuu blogu yangu kabla hamjafungua kitabu cha gari.

Na unayetaka kununua mtumba, usiangalie rangi na rimu. Angalia vijimistari, na tafuta mwenye programu ya LeafSpy kwenye simu akusomee uzima wa betri kabla hujatoa hela.

Lakini yote haya ni dawa ya maumivu tu. Mama mdogo anaweza kufuata kila moja na bado atakuwa anavuka jiji Jumatano jioni na madaftari ya kusahihisha kwenye kiti cha nyuma, wakati ukuta wa staffroom una umeme hatua kumi kutoka alipoegesha. Mkopo wake umebaki mwaka na nusu. Mistari imebaki 9. Mimi sijui kati ya hivyo viwili kipi kitaisha kwanza, ila najua soketi moja ingebadilisha jibu.

Kwa hiyo kama kuna mdau hapa mzazi wake ni mkuu wa shule, bwana fedha au mwenye nyumba, mpelekeeni ujumbe. Naomba kuwasilisha. Anayepinga uwanja wake huo hapo chini, ila aje na hesabu.

Wikiendi njema, na tuzidi kuliombea bumu.