Makofi Si Nauli

Hema lililipwa. Naanza hapo kwa sababu nililiona kwa macho yangu. Mwenye hema alifika na lori lake saa nne asubuhi, akasimama kando ameshika simu, na akakataa kushusha hata kamba moja kabla ya nusu ya pesa zake kuingia. Ziliingia. Hakuna aliyemwambia kwamba mabalozi wataketi chini ya turubai lake na huwezi jua, milango itafunguka.

Ilikuwa siku ya ufunguzi wa kongamano la kimataifa hapa Nairobi. Silitaji jina, na si kwa uoga. Ukibadilisha bango tu, ni kongamano lolote. Hotuba alasiri, vinyweo jioni, halafu tamasha la okestra ili wageni walale wakijua kwamba Afrika nayo inaweza. Mada kuu, na hapa siongezi chumvi, ilikuwa ajira za vijana katika sanaa.

Mimi niliandika kijitabu cha programu kwa Kiswahili. Niliacha chuo mwaka wa tatu, ada ilinishinda, kwa hivyo naishi kwa vibarua vya namna hii: leo tafsiri, kesho wasifu wa tajiri fulani. Miezi minne sasa invoisi yangu "inashughulikiwa". Lakini mimi ni mtu mmoja. Jukwaani kulikuwa na vijana karibu arobaini, na hao hata invoisi hawakuwa nayo. Walipewa mia tano ya nauli, sanduku la wali na kuku, na ile sarafu yetu ya taifa inayoitwa eksposha.

Tuelewane. Sina vita na okestra. Wapo watakaosema fidla ni mambo ya wazungu, tungeweka nyatiti, tungeweka isukuti. Huo mjadala unanichosha. Jioni ilifunguliwa kwa wimbo wa taifa, ambao muziki wake ulitokana na wimbo wa Wapokomo wa kubembeleza mtoto, ukapangwa upya na jopo la wanamuziki mwaka 1963. Fidla zilipouanza nilisisimka mwili mzima. Na nyatiti ingeletwa, amini usiamini, ingepigwa bure vilevile.

Kilichoniudhi ni mshereheshaji. Alishika kipaza sauti, akalegeza sauti kama mtu wa mazishini, akasema: "Hawa ni vijana waliookolewa na muziki." Ukumbi ukaugua. Simu zikainuka.

Hapo ndipo mchezo ulipo. Ni kweli baadhi yao walijifunzia Korogocho, pembeni mwa jaa la Dandora, ambako mradi wa Ghetto Classics umekuwa ukifundisha watoto tangu mwaka 2008. Walimu wa aina hiyo nawavulia kofia. Lakini mtoto aliyeshika fidla akiwa na miaka kumi sasa ana ishirini na kitu. Analipa kodi ya nyumba, ananunua nyuzi za fidla kwa bei inayomfanya mtu akae chini kwanza. Huyu si mtoto wa kuokolewa. Ni fundi. Ukishamwita fundi, swali linalofuata ni bei yake. Ukimwita aliyeokolewa, swali linageuka: yeye ndiye mwenye deni, na kupiga bure ni kusema asante. Hadithi ile ya kutia huruma si mapambo ya programu. Ndiyo inayofuta bili.

Nilipouliza, mratibu mmoja alinijibu kwa upole kabisa: "Ndugu yangu, bajeti haikuruhusu." Maua yaliruhusiwa. Maji ya chupa yaliruhusiwa. Hata yule kijana wa taa, ambaye namheshimu kwa sababu alidai chake mapema, aliruhusiwa. Bajeti ni orodha ya watu unaoogopa kuwakosa. Hema lisipokuja, kongamano halipo. Okestra isipokuja, watapiga muziki wa kwenye simu.

Na hili jiji lina uzoefu wa kutosha wa kupokea wageni. KICC ilipokamilika mwaka 1973, mwaka huohuo Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa walifanya mikutano yao hapa, na Robert McNamara akatoa hotuba kuhusu umaskini wa kupindukia. Zaidi ya miaka 50 tunakodisha kumbi za kuzungumzia maskini. Viti vyenyewe havijawahi kuwa bure.

Turudi jukwaani. Kipande cha mwisho kilikuwa cha Haydn, sehemu ya kumalizia simfoni namba 45, inayoitwa ya Kuaga. Kijitabuni nilieleza ilikotoka. Mwaka 1772 mwanamfalme Nikolaus Esterházy aliwakawiza wanamuziki wake katika jumba lake la kiangazi huko Hungaria, mbali na wake na watoto. Haydn akatunga muziki ambao wapigaji wanaacha mmojammoja, kila mtu anazima mshumaa wake na kuondoka, mpaka zinabaki fidla mbili. Inasimuliwa kwamba mkubwa alielewa, na kesho yake safari ya kurudi nyumbani ikaanza. Haydn mwenyewe alikuwa mtumishi aliyevalishwa sare. Lakini sikiliza: alikuwa na mshahara. Mwaka 1772, chini ya kabaila, mpiga fidla alikuwa akidai likizo. Sisi bado tuko kwenye mshahara.

Aya hiyo yote ilikatwa. Niliambiwa "inaleta siasa". Ikawekwa sentensi moja: kipande cha kufurahisha.

Basi wakapiga. Mpiga obo akazima taa yake ndogo ya kusomea nota, akaondoka. Akafuata wa pembe. Wajumbe wakaanza kucheka. Kila aliyetoka alipigiwa makofi, mzee mmoja wa meza ya mbele akapunga mkono kama anayemuaga mtoto wa shule. Zikabaki fidla mbili, halafu giza, halafu ukumbi mzima ukasimama kushangilia watu waliokuwa wakiuambia jambo waziwazi.

Sijui ni nani alichagua kipande kile. Nilimuuliza kiongozi wa okestra, akatabasamu tu.

Saa tano usiku niliongozana na jamaa wa besi hadi stendi. Besi lenyewe ni refu kumshinda. Tulipata matatu moja ya mwisho mwisho, konda akalizungusha macho lile dubwana kutoka juu hadi chini.

"Hiyo ni viti viwili, buda. Na unalipa kabla ya kupanda."

Jamaa akatoa ile mia tano.