Mawe ya Redio na Kanda Zinazoozea Bumula

Desemba ikikaribia, redio na mitandao ya kijamii hujaa mashindano ya kukumbuka utoto. Nani alicheza Sega kwa jirani, nani aliamkia katuni Jumamosi, nani alinunuliwa aiskrimu mjini baada ya mtihani. Ukisikiliza sana utadhani watoto wote waliozaliwa Kenya miaka ya 1980 walilelewa Buruburu, mtaa wa Nairobi. Sisi tuliokulia Bumula, kijijini Bungoma, hucheka pamoja nao, kisha tunanyamaza. Dada yangu anayefanya kazi Nairobi hata kunyamaza hanyamazi. Huwaambia wenzake kwamba naye alipenda katuni fulani. Aliiona wapi? Nyumbani umeme uliingia yeye akiwa amemaliza kidato cha nne.

Simlaumu sana. Aibu ya kukulia gizani ni nzito, na wengi wetu tumeibeba hadi ofisini. Lakini utoto wetu nao ulikuwa na mitambo, na mitambo hiyo ilikuwa na mambo yake.

Mimi ni mzaliwa wa Kimaeti, hukohuko Bumula. Siku hizi nauza vifaa vya simu mjini Kitale: chaja, kava, waya za masikioni, spika za kushika mkononi. Wateja wangu wengi walizaliwa baada ya M-Pesa kuanza mwaka 2007, na mtu akilalamika kwamba chaja yake inaingiza moto polepole, namwangalia tu. Huyu hajawahi kuanika mawe.

Redio ya nyumbani ilikuwa ya Baba, na ilikula mawe sita makubwa, yaani betri kavu, ya Eveready, yaliyotengenezwa Nakuru kabla kiwanda cha huko hakijafungwa mwaka 2014. Mawe sita yalikuwa pesa. Ndiyo maana redio haikuwashwa ovyo. Iliwashwa kwa taarifa ya habari ya KBC, ikabaki kwa matangazo ya vifo, kwa sababu huko ndiko mtu wa Bumula alikojulia kwamba shemeji wa Webuye ameaga dunia na mazishi ni Jumamosi. Zikafuata salamu. Kadi zilinunuliwa, zikajazwa majina ya ukoo mzima pamoja na lakabu zao, zikapelekwa posta. Watuma salamu sugu walijulikana kuliko mbunge. Jumapili ilikuwa zamu ya Leonard Mambo Mbotela na kipindi chake cha Je, Huu ni Ungwana?, kilichoanza mwaka 1966. Mbotela alipofariki Februari 2025, mtoto wa Buruburu na mtoto wa Kimaeti walimlilia pamoja. Labda ndiye kumbukumbu pekee tuliyogawana sawasawa.

Timu ya mpira ya Ingwe ikicheza, Baba alizima redio wakati wa mapumziko ili mawe nayo yapumzike. Tulimcheka, lakini alikuwa sahihi: jiwe likipumzika hupata tena nguvu kidogo. Likianza kuzeeka kweli, sauti ya mtangazaji ilizama kama ya mtu anayesinzia, nasi tukapanda kuyaanika juu ya mabati. Joto la jua huhimiza kemikali zilizosalia ndani, kwa hiyo ukiyarudisha unapata habari za jioni hiyo, pengine na salamu za kesho yake. Hayachajiki. Yanasukumwa tu. Yakifa kabisa tulikwenda nayo shuleni, tukayapasua, tukatwanga ule unga mweusi pamoja na mkaa na majani mabichi, tukapaka ubao. Vidole vilibaki vyeusi hadi Jumatatu, na mwalimu akaandika hesabu juu ya mawe yaliyokwisha kututangazia habari.

Runinga ilikuwa ya jirani mmoja mwenye shamba la miwa. Great Wall, inchi 14, rangi mbili tu, ikiendeshwa kwa betri ya gari. Betri ilifungwa kwa mpira nyuma ya baiskeli na kupelekwa sokoni penye umeme, ikalala huko, ikarudi kesho yake. Asidi ilitoboa mashati ya wanafunzi wengi waliotumwa. Tukishaifikisha betri tuliketi chini sebuleni kwake, watu wazima kwenye viti, mvulana mmoja nje akizungusha mlingoti wa antena huku akipigiwa kelele: hapo, hapo, rudisha, umepitisha! Kipindi cha vichekesho cha Vitimbi kikianza, Mzee Ojwang' na Mama Kayai waligombana mbele ya kijiji kizima. Mzee Ojwang', jina lake halisi Benson Wanjau, alifariki mwaka 2015, mwaka uleule mitambo ya analogi ilipozimwa nchini. Ile Great Wall sasa imewekelewa gunia la mbegu.

Hayo yote yakisahauliwa nitasikitika, lakini nitapona. Mawe ni mawe. Kinachoninyima usingizi ni kanda.

Khocha wangu, yaani mjomba, alikuwa na redio ya kaseti mbili, na Jumamosi alikuwa mtu wa maana kuliko chifu. Mzee mashuhuri akifa kwa Wabukusu, baada ya mazishi huitwa mnenaji kuswala kumuse. Mnenaji husimama mbele ya umati, akatembea akienda na kurudi, akaeleza asili ya ukoo, nani alitoka wapi, nani alimkosea nani, na waliobaki waishi vipi. Si mtu yeyote tu anayeruhusiwa kufanya kazi hiyo; ni ya koo maalumu, na marehemu Manguliechi ndiye jina ambalo hata mtoto wa Kitale alilijua. Watu walikuja na redio zao, wakazipanga kwenye nyasi, wakabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, chekundu na cha kuchezea, wakanasa maneno yote, pamoja na kuku na watoto wanaolia. Jioni khocha alinakili kanda hizo kwa waliokosa nafasi. Walinasa pia litungu, ala yetu ya nyuzi, na nyimbo za Agosti za kumsindikiza mwana kwenye tohara.

Kanda hizo ziko wapi? Ziko kwenye masanduku ya mabati chini ya vitanda vya kina kukhu, nyanya zetu, zikiota kuvu jeupe. Nyingine zilikwisha zamani kwa njia mbaya zaidi. Kanda ya dukani ilikuja na vishimo viwili mgongoni, kuzuia mtu asirekodi juu yake. Kanda tupu haikuwa navyo. Ilikuwa na vipande vidogo vya plastiki ambavyo ulipaswa kuvivunja mwenyewe ili kuilinda. Nani kijijini alijua hivyo? Kumuse ya kuka, babu yangu, yenye asili ya ukoo wetu tangu walipoteremka kutoka upande wa Mlima Elgon, ilifutwa na binamu yangu ili anase Loi ya Koffi Olomide. Loi ni wimbo mzuri, nakiri. Lakini Loi unapatikana popote duniani. Sauti iliyokuwa chini yake haipatikani tena.

Hapa Kitale pana makumbusho yaliyotokana na mikusanyo ya Kanali Stoneham, mlowezi Mwingereza aliyependa vipepeo, na mwaka 1974 yakawa ya taifa. Ndani mna nyumba za kiasili, ya Wabukusu ikiwemo. Ningependa pembeni mwa vyungu vya humo iwekwe redio yenye mawe sita, mtoto abonyeze kitufe amsikie mnenaji. Kama mgeni aliweza kuhifadhi vipepeo wetu kwa pini, sisi tutashindwaje kuhifadhi wazee wetu? Na Chuo Kikuu cha Kibabii kiko palepale Bungoma, kimepata hati yake tangu 2015, kina wanafunzi wa kompyuta wanaotafuta mradi wa mwaka wa mwisho kila mwaka. Mradi huu hapa.

Lakini sitaki tukae tukisubiri ofisi. Kazi yenyewe si ngumu, na waya wake nauza dukani kwa bei ya soda chache. Tafuta redio ya kaseti inayofanya kazi. Mafundi wa Bungoma na Kitale bado wanazo. Usianike kanda juani, hii si jiwe. Iache kivulini penye hewa, ukiona kuvu ifute kwa pamba kavu nje ya nyumba, kisha uiviringishe hadi mwisho na kuirudisha kabla ya kuicheza. Safisha kichwa cha redio kwa spiriti. Unganisha tundu la waya za masikioni na tundu la maikrofoni la kompyuta, fungua programu ya bure kama Audacity, ubonyeze kunasa. Hakikisha umevunja vile vipande viwili vya mgongoni kwanza.

Kanda ya dakika 60 itakuchukua dakika 60. Hakuna njia ya mkato, na hilo nalipenda, maana itakubidi uketi usikilize. Ukirudi nyumbani Agosti ya mwaka wa shufwa, watoto watakapokuwa wakitahiriwa na ukoo wote ukiwa uwanjani, muulize kukhu ufunguo wa sanduku. Anza na kanda iliyoandikwa jina la marehemu.