Mcheza Kwao Hutunzwa?

Nilipofika Macalder, kule Nyatike, niliwakuta wasichana wakicheza kati kwa mpira wa matambara. Mmoja alirusha kwa shabaha, aliye katikati asijue pa kukimbilia. Mzee aliyeketi kando yangu akacheka: "Akivunja ungo ataacha."

Neno hilo lilinikumbusha Toni Stone, mwanamke mweusi wa Marekani, mchezaji wa besiboli, mchezo wa gongo na mpira. Ligi ya wanawake ya kulipwa, iliyodumu tangu 1943 hadi 1954, haikuwapokea weusi. Basi mwaka 1953 akaingia timu ya wanaume, Indianapolis Clowns, akashika kituo cha pili. Baadhi ya wenzake walimbeza. Tajiri wa timu akamtaka avae sketi ili watazamaji wavutike. Akakataa, akavaa suruali kama wenziwe. Mwaka 1954 akahamia Kansas City Monarchs, akakalishwa benchi mara nyingi, na msimu ulipokwisha akaacha.

Waama, sisi watu wa pwani tukisikia mwanamke na mchezo, twakimbilia kutaja stara. Lakini tazameni: aliyetaka kuivunja stara ni mwenye kuuza tikiti, si mwenye kipaji. Mwenyewe aliilinda. Basi tusimnyime binti mchezo. Tumpe uwanja wa heshima, mavazi ya stara na walimu wa kike.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Je, binti wa Macalder, na binti wa Lamu, nani atawatunza?