Dawa ya Kopo Haijui Mende Wanakotoka

Ndugu yetu ameandika kwamba kutega mende kwa kopo lenye ganda la ndizi ni mchezo wa watoto, na kwamba dawa ya kupuliza ndiyo mwisho wa mende. Mwisho kwa nani? Pulizia chumba chako katika nyumba ya kupanga uone: wanahamia kwa jirani, dawa ikiisha nguvu wanarudi. Tena wale wadogo wa jikoni, wenye mistari miwili myeusi nyuma ya kichwa, sehemu nyingi wameshakuwa sugu. Jike mmoja hubeba kifuko cha mayai 30 hadi 40, na dawa haikipenyi kirahisi.

Kopo hilo la ndizi, lililopakwa mafuta ya kula mdomoni kwa ndani, haliwamalizi, hilo nakubali. Lakini linakuonyesha maficho yao. Tega usiku nyuma ya friji, chini ya sinki, kando ya jiko. Lililonasa wengi ndilo linalokuambia pa kuziba ufa na pa kuweka asidi ya boriki iliyochanganywa na sukari, mbali na watoto. Ila hapo usipulize dawa yako, ndugu: itawafukuza kabla hawajala chambo.