Vekta katika Ukanda wa Mpira

Mtoto wa Singida alindaye uwele usiliwe na ndege huijua kazi ya manati kabla hajalisikia neno vekta. Anajua kwamba mipira miwili huvuta kila mmoja kwa upande wake, lakini jiwe hupita katikati. Inasikitisha kwamba afikapo sekondari maarifa hayo huachwa nje ya mlango wa darasa. Vekta huchorwa ubaoni katika kipindi cha hisabati. Sheria ya Hooke, iliyochapishwa mwaka 1678, hukaririwa katika kipindi cha fizikia. Na mara nyingi masomo hayo mawili hayakutani.

Maoni yangu ni kwamba yakutanishwe, na kifaa cha kuyakutanisha ni ukanda uliokatwa katika tyubu kuukuu ya baiskeli.

Pigilia misumari miwili katika usawa mmoja, sentimeta 80 toka mmoja hadi mwingine, ukafunge ukanda kati yake bila kuulegeza. Tundika katikati chupa nyepesi ya plastiki, utie maji kidogo kidogo hadi katikati ya ukanda pashuke sentimeta 30. Tuseme yameingia maji ya sentimeta za ujazo 600. Hayo ni gramu 600, na uzito wake ni karibu nyutoni 6. Mizani haihitajiki.

Sasa waulizwe wanafunzi: kila nusu ya ukanda ina mkazo kiasi gani? Wengi watajibu nyutoni 3, kwa kuwa mzigo umegawanywa sawasawa. Jibu hilo lingefaa kama nusu zote mbili zingening'inia wima. Hapa zimekaa mshazari. Kila nusu ni upande mrefu wa pembetatu mraba ambayo pande zake nyingine ni sentimeta 30 na 40. Kwa hiyo urefu wake ni sentimeta 50. Sehemu ya wima ya mkazo ni 30/50 ya mkazo wote, nayo hapana budi iwe nyutoni 3. Basi mkazo ni nyutoni 5. Sehemu za mlalo, nyutoni 4 kila upande, hupingana na kubatilishana. Hazibebi mzigo, lakini zinaukaza mpira.

Wako watakaosema kwamba mpira haufuati sheria ya Hooke barabara, hivyo afadhali kungoja springi za maabara. Hiyo ndiyo sababu hasa ya kuutumia. Vekta hazikuuliza tabia ya mpira. Zimetupa mkazo kwa uzito na vipimo vya pembetatu tu. Ongeza maji, pima tena, kisha chora grafu ya mkazo na urefu. Mstari hautanyooka. Aidha, maji yakipunguzwa, kwa mzigo uleule ukanda utakuwa mrefu kidogo kuliko ulivyokuwa yalipokuwa yakiongezwa. Hapo mwanafunzi ataiona kwa macho yake mipaka ya sheria aliyoikariri.

Katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, Mwalimu Nyerere alisisitiza kwamba elimu isitengwe na maisha ya jamii. Upungufu wa vifaa vya maabara ni tatizo la kweli, na kuvidai kusikome. Hata hivyo, somo hili halina sababu ya kuvingoja. Linataka tyubu, maji, rula, na mwalimu atakayewaonya wanafunzi waweke macho mbali na mpira uliokazwa.